Nyumba Moja, Umri Mwingi: Namna ya Kuchunguza Historia ya Jumba la Kale

Kaskazini-mashariki ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika vitongoji vya Gulioni na Kinazini, kando ya barabara iendayo Bububu, limesimama jumba kubwa la mawe lijulikanalo kwa jina la Jumba la Livingstone. Lilipojengwa, mahali hapo palikuwa nje ya mji. Leo mji umelizunguka pande zote, na wengi wapitao mbele yake hawajui zaidi ya lile jina.

David Livingstone aliwasili Unguja tarehe 28 Januari 1866, akaondoka tarehe 19 Machi mwaka huo huo. Kukaa kwake kisiwani kulikuwa kwa siku 50 tu. Jumba lenyewe husemwa kuwa lilijengwa karibu na mwaka 1860, wakati wa Sayyid Majid bin Said, aliyetawala tangu 1856 hadi 1870. Kwa hiyo jina la jumba linasimulia siku 50 katika umri uliokwisha kupita miaka 160. Ni nani waliolijenga? Ni nani waliokaa humo kabla na baada ya mgeni huyo? Na mtu anawezaje kujua kwamba hayo yasemwayo juu ya nyumba fulani ni kweli?

Maswali haya yanaweza kuulizwa juu ya nyumba yoyote ya kale katika kitongoji chochote. Kuyajibu ni kazi ya sayansi kama ilivyo kazi ya historia, kwa maana hutaka kupima, kulinganisha, na kukataa lile lisilothibitika.

Nyumba haina umri mmoja

Kosa la kwanza linaloweza kumpoteza mchunguzi ni kuuliza, "Nyumba hii ina umri gani?" kana kwamba nyumba ilizaliwa siku moja kama mtoto. Nyumba hujengwa, hurefushwa, huezekwa upya, hupigwa lipu mara nyingi, hubadilishiwa milango na madirisha. Msingi waweza kuwa wa zamani kuliko ukuta, ukuta kuliko paa, na mlango waweza kuwa wa zamani kuliko vyote hivyo kwa kuwa uliletwa kutoka nyumba nyingine. Kila sehemu ina umri wake, na kazi ya mchunguzi ni kuzitenga sehemu hizo na kuzipanga kwa zamu.

Kanuni inayomwongoza ni ile itumiwayo na wanajiolojia katika kusoma matabaka ya miamba: kilicho chini kilitangulia kilicho juu yake. Lipu iliyo karibu na jiwe ilipakwa kabla ya lipu ya nje. Ukuta uliofungamana na mwenzake, mawe yakiingiana kama vidole vya mikono miwili, ulijengwa pamoja nao. Lakini ukuta unaoegemea mwingine bila kufungamana, ukaacha mshono ulionyooka kutoka chini hadi juu, ni wa baadaye. Mtu mwenye subira, akiwa na utepe wa kupimia, karatasi na penseli, aweza kwa kanuni hii peke yake kueleza ni chumba kipi kilijengwa kwanza na kipi kiliongezwa, hata kabla ya kujua mwaka mmoja wowote.

Ushahidi wa mawe, chokaa na boriti

Majumba ya kale ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Mwanafunzi wa kemia atalitambua jambo hili mara moja. Matumbawe ni kalisi kaboneti. Yakipata joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kubakiza chokaa kali, ambayo huzimwa kwa maji. Inapotumika ukutani, chokaa hiyo hufyonza tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani na polepole hurudi kuwa mithili ya jiwe.

Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, zilizokatwa katika maeneo kama delta ya Rufiji na mikoko ya Lamu na kusafirishwa kwa majahazi. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Kwa kuwa haikuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa umbali mkubwa, upana wa chumba kwa kawaida haukuzidi mita 3 hivi, ingawa urefu wake uliweza kuwa mkubwa kadiri mwenye nyumba alivyotaka. Ndiyo sababu vyumba vya majumba haya ni virefu na vyembamba. Mchunguzi akikuta chumba kipana chenye mihimili ya chuma au zege katika jumba la namna hiyo, ana haki ya kushuku kwamba sehemu hiyo ilijengwa upya.

Baadhi ya vifaa vya ujenzi hubeba tarehe bila kuandikwa tarehe. Vigae vyekundu vya Mangalore, kutoka pwani ya magharibi ya India, aghalabu hupigwa mhuri wa kiwanda upande wa chini. Kiwanda cha vigae cha misheni ya Basel kilianza kazi Mangalore mwaka 1865. Kwa hiyo kigae chenye mhuri wa misheni hiyo hakiwezi kuwa kilifika Afrika ya Mashariki kabla ya mwaka huo. Vivyo hivyo, saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na mabati ya migongo mwaka 1829. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Kenya, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ilitoka ng'ambo, nayo ilitumiwa kwa uangalifu.

Hata hivyo, hapana budi kukumbuka kwamba ushahidi wa namna hii huonyesha mpaka wa upande mmoja tu. Kigae cha mwaka 1865 huonyesha kwamba paa si la kabla ya 1865, lakini hakisemi kwamba paa ni la mwaka huo. Wala hakisemi lolote juu ya ukuta ulio chini yake, kwani paa la vigae laweza kuwekwa juu ya jumba ambalo mwanzoni lilikuwa na sakafu ya juu tambarare.

Kwa nini kaboni 14 haitoshi

Msomaji aliyesikia habari za kupima umri kwa kaboni 14 aweza kuuliza kwa nini kipande cha boriti kisipelekwe maabara, na jambo likaisha. Kaboni 14 iliyomo ndani ya mti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 tangu mti ulipokoma kufyonza hewa. Katika miaka 150 hupungua kwa kiasi cha asilimia 1.8 tu. Badiliko hili ni dogo, lakini si hilo lililo tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kiasi cha kaboni 14 katika hewa kilipanda na kushuka katika karne za karibuni, na uchomaji wa makaa ya mawe na mafuta nao ukaongeza kaboni ya kale hewani. Matokeo yake ni kwamba kwa vitu vya kati ya miaka ya 1650 na 1950 kipimo kimoja chaweza kulingana na vipindi viwili au vitatu mbalimbali.

Chokaa nayo ina udhaifu wake. Kwa kuwa hufyonza hewa wakati wa kuganda, kwa nadharia ingeweza kupimwa. Lakini vipande vya matumbawe visivyoungua vyema hubaki ndani yake, navyo hubeba kaboni ya bahari iliyo kongwe kuliko jengo. Isitoshe, boriti iliyopimwa vizuri kabisa hueleza mti uliishi lini, wala haielezi ilipandishwa lini darini. Boriti nzuri haikutupwa. Nyumba ilipobomoka, ilitolewa na kutumiwa katika nyumba nyingine.

Mlango na tarehe yake

Milango ya nakshi ya pwani mara nyingi huchongwa tarehe ya Hijria juu ya kizingiti. Kuibadili tarehe hiyo kuwa ya Miladia ni hesabu nyepesi. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na una siku 354 au 355, kwa hiyo ni mfupi kidogo. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mlango wenye mwaka 1282 utatoa 1243.5, na baada ya kuongeza 622 utapata 1865.5, yaani katikati ya mwaka 1865. Kwa hakika mwaka 1282 wa Hijria ulianza mwezi wa Mei 1865 ukaisha Mei 1866. Kwa hesabu hiyo hiyo yaonekana kwamba Livingstone aliingia Unguja katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo.

Ila mlango ndio sehemu ya nyumba iliyo rahisi kuliko zote kuhamishwa. Ulikuwa mali ya thamani. Uliuzwa, ulirithiwa, na ulibebwa. Tarehe iliyochongwa juu yake ni tarehe ya mlango. Ili iwe tarehe ya nyumba, yapasa kwanza kuonyesha kwamba mimo ya mlango ilijengewa pamoja na ukuta, na kwamba hapakutobolewa tundu baadaye ili kuupokea.

Karatasi, ramani na picha

Baada ya kuisoma nyumba yenyewe, mchunguzi huenda kwenye maandishi. Hati za kuuziana, rehani, wakfu na mirathi hutaja jina la mwenye mali na la majirani zake wa pande nne. Nyaraka nyingi za Zanzibar zimehifadhiwa katika jengo la Nyaraka lililoko Kilimani, na zile za Tanzania Bara katika Idara ya Nyaraka mjini Dar es Salaam. Hati huandikwa watu wanapokuwa na mali au ugomvi, basi hutaja matajiri kuliko wapangaji na wanaume kuliko wanawake. Mchunguzi mwangalifu husoma hati akijua ni nani wasiotajwa humo.

Ramani husaidia kuubana umri kati ya mipaka miwili. Mfaransa Charles Guillain alichora ramani ya mji wa Unguja mwaka 1846, na ramani nyingine ya kina ilichorwa mwaka 1892. Jengo lisilokuwamo katika ramani ya kwanza, huku mahali pake pamechorwa vizuri, likawamo katika ya pili, lilijengwa katikati ya miaka hiyo.

Picha za kale hutumika kwa njia iyo hiyo. Picha ya ufuo wa Unguja isiyo na Beit al-Ajaib ni ya kabla ya 1883, mwaka ambao jumba hilo lilijengwa. Ikionyesha kitu kingine chenye tarehe inayojulikana, mpaka wa upande wa pili nao hupatikana.

Kumbukumbu za wazee na majina ya mahali

Wazee wa mtaa ni hazina, lakini hazina hiyo ina namna yake ya kufunguliwa. Yafaa kila mzee aulizwe peke yake, wala asitajiwe jibu linalotarajiwa. Si vema kumwuliza, "Ilikuwa mwaka gani?" kwa kuwa wachache hukumbuka kwa miaka. Ni bora kumwuliza kama ilikuwa kabla au baada ya jambo kubwa ambalo tarehe yake yajulikana, kwa mfano Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Masimulizi yaliyopokewa kutoka kwa mababu nayo yana vigingi vyake, kama kimbunga kikuu cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, au mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896.

Majina ya mitaa pia ni ushahidi. Ng'ambo ni jina lililotolewa na watu wa mjini kwa upande wa pili wa hori la bahari ambalo baadaye lilifukiwa. Darajani ni mahali palipokuwa na daraja la kulivuka hori hilo. Gulioni hutukumbusha gulio, na Kisiwandui hutaja kisiwa na ugonjwa wa ndui. Jijini Dar es Salaam, jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ardhi yaweza kubadilika kabisa, na jina likabaki peke yake kuwa shahidi.

Mashahidi wanapokutana

Sasa turudi kwenye jumba la barabara ya Bububu. Shajara ya Livingstone, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, yaeleza kwamba Sayyid Majid alimpa mojawapo ya nyumba zake akae. Masimulizi ya mji yalitaja jumba hili kuwa ndilo. Shahidi mmoja ni wa maandishi, mwingine ni wa mdomo, nao wanapatana.

Lakini masimulizi mengine huongeza kwamba hata Richard Burton na John Speke walikaa humo. Hapa mchunguzi husimama na kupiga hesabu. Burton na Speke walifika Unguja Desemba 1856, wakaenda bara mwaka 1857, wakarudi na kuondoka mwaka 1859. Ikiwa jumba lilijengwa karibu na 1860, basi ama wasafiri hao hawakukaa humo, ama jumba ni la zamani kuliko isemwavyo. Madai hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Hivi ndivyo elimu inavyoendelea: pasipo kudharau masimulizi, bali kwa kuyaweka bega kwa bega na kuona yanapogongana.

Historia ya jumba haikuishia kwa wasafiri. Baadaye lilitumiwa na jamii ya Wahindi, na mwaka 1947 serikali ya kikoloni ililinunua liwe maabara ya kuchunguza maradhi ya mikarafuu. Wakati huo ugonjwa wa kufa ghafla kwa mikarafuu ulikuwa tishio kwa zao lililobeba uchumi wa visiwa. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya jamaa ya sultani vikawa mahali pa kuchunguzia mizizi na kuvu. Miaka mingi baadaye jumba likawa makao ya shirika la utalii la Zanzibar. Matumizi ya namna hii kwa kawaida huacha alama yake: bomba la maji lililopenya ukuta, mlango uliozibwa, sakafu iliyopakwa saruji. Mchunguzi aliyekwisha kujua orodha ya matumizi hujua atafute nini.

Wako pia wale ambao jumba halikuchukua majina yao. Msafara uliofuatana na Livingstone mwaka 1866 ulikuwa na askari 13 kutoka India, watu 10 wa Nzuani, vijana 9 waliosomeshwa Nasik, watu 2 wa Shupanga na Wayao 2, jumla watu 36. Mmoja wao alikuwa Chuma, ambaye pamoja na Susi aliongoza wenzake kuuleta mwili wa Livingstone hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Wachomaji wa chokaa, wachukuzi wa mawe na watumishi wa majumba makubwa ya zama hizo walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa, kwani hali ya utumwa haikuondolewa kisheria katika Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Hati hazikuandika majina yao. Kazi ya mikono yao ndiyo hati yao, nayo imo ukutani.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Kuujua umri wa jengo si jambo la kujifurahisha tu. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa nchini kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria zake yenyewe. Mwaka mmoja uliothibitishwa waweza basi kuamua kama nyumba itahifadhiwa au itapisha jengo jipya.

Kadhalika ushahidi hupotea upesi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Hilo lilikuwa jengo mashuhuri, limepimwa na kupigwa picha mara nyingi. Nyumba ya kawaida ya kitongojini ikianguka hakuna mchoro unaobaki. Hata ukarabati wa nia njema huweza kudhuru. Lipu ya saruji huziba unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, ukuta ukadhoofika, na papo hapo huficha mishono na matabaka ambayo yangesomwa.

Kazi kwa shule

Shule yoyote yaweza kufanya uchunguzi wa namna hii bila gharama kubwa. Kwanza, iombwe ruhusa ya mwenye nyumba, kwa kuwa historia ya nyumba ni pia siri ya jamaa. Pili, nyumba ipimwe na kuchorwa, na kila mshono, mlango uliozibwa na aina ya dari ionyeshwe katika mchoro. Tatu, vifaa viorodheshwe pamoja na mihuri yake. Rangi za kale zisikwanguliwe na wanafunzi, kwani huenda zina madini ya risasi. Nne, wazee watatu au zaidi waulizwe kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema. Tano, hati na ramani zitafutwe.

Mwishoni itengenezwe jedwali lenye safu tatu: jambo linalodaiwa, shahidi wa kwanza, na shahidi wa pili asiyetegemea wa kwanza. Palipo na mashahidi wawili wanaopatana, jambo liandikwe kwa wino. Palipo na mmoja tu, liandikwe kwa penseli. Jedwali hilo, pamoja na mchoro wa nyumba, lihifadhiwe katika maktaba ya shule, kwa maana ipo siku nyumba haitakuwapo, na lililoandikwa na wanafunzi ndilo litakalobaki.